Maneno Niliyoyaacha Nje ya Muhtasari

Mzee wa Mengineyo, shikamoo.

Marahaba yako sitaisikia, najua, ila siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia, ungenigeuzia mgongo. Ulikuwa unasema mimi nikiwa na habari nzuri ni kama mtu aliyeshika kiazi cha moto. Basi ninacho hapa, kinaniunguza: kadi ya Mama Gaudensia haijachukuliwa! Bado mwanachama, bado anakaa benchi la mbele, bado anaongea kwa sauti ile ile inayotikisa bati. Na mimi, Fausta wako, tangu Jumapili ile ugali unapita kooni vizuri.

Utauliza, kwani kadi ya Gaudensia ilikuwa inachukuliwa na nani, kwa kosa gani? Kosa lilikuwa langu. Ngoja nikuelezee, usinikatize.

Nianze na msiba wako, maana najua ungetaka taarifa. Watu walijaa. Hata wale wa vyama vingine walikuja, wakakaa kwenye mabenchi yetu yenye rangi ya chama chetu bila kujali, mmoja akasema leo atakaa popote, aliyelala pale alikuwa anawapa kiti siku zote. Padri akahubiri vizuri. Tatizo akawa mtani wenu, yule Mbena wa Madaba. Jeneza limeshashuka, watu wameshika makoleo, yeye akaruka akasimama juu ya kile kifusi. "Hafukiwi mtu hapa! Huyu Mngoni hajasema mengineyo! Mliona wapi huyu analala kabla ya mengineyo?" Yaani watu walicheka na machozi yao usoni. Padri mwenyewe akageukia kwenye migomba. Mwenyekiti Otmar alicheka kuliko wote, halafu akalia kuliko wote.

Otmar huyo huyo. Miaka yote mliyokaa meza moja, yeye mwenyekiti wa tawi, wewe katibu wake, sijawahi kuona watu wawili wanaudhiana vile na hawaachani. Jina lako si yeye ndiye aliyekupa? Ajenda zinakwenda: kufungua, kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa, mwisho mengineyo. Na kila mwenye dukuduku lake analitunza mpaka mengineyo. Ikifika hapo Otmar anaangalia saa, "Ndugu wajumbe, muda umetutupa mkono," anataka kufunga. Wewe unafunika kalamu yako, polepole, unaiweka mezani. "Mwenyekiti, saa ya kufunga kikao naiandika mimi. Sijaiandika." Otmar anavuta pumzi kama mtu anayepandisha kilima cha Matogoro na gunia. "Haya, Mzee wa Mengineyo, sema. Semeni wote, mniue."

Mimi wakati huo sikuwa hata mwanachama. Nilikuwa yule binti wa steshenari aliyejifundisha kompyuta kwa kuangalia video, aliyekuwa ameshajaribu kusuka, ameshajaribu kuuza chipsi, ameshajaribu kwenda Mbinga kuchuma kahawa akarudi wiki ya pili. Ukaniletea kaunta buku lako nikutaipie muhtasari. Humo ndani umeandika: "Mjumbe alisema Mwenyekiti anasinzia watu wakiongea." Mimi kwa uungwana wangu nikaweka: "Mjumbe alimshauri Mwenyekiti apate mapumziko." Nikajiona nimekusaidia! Ukavaa miwani, ukasoma, ukairudisha ile karatasi mezani kwa kidole kimoja kama kitu kilichooza.

"Hajashauri. Amesema anasinzia. Andika alivyosema mtu, binti. Ukimpamba umemnyang'anya."

Nikataipu upya. Na ukakataa kuondoka mpaka uisome tena.

Halafu siku ile niliyokuja juu kwa ajili ya jalala. Unakumbuka? Jalala limejaa mpaka mlangoni kwa watu, nzi mpaka kwenye chai, mimi nimeshaandika Facebook maneno ya kumvua mtu nguo, bado kubonyeza tu. Ukauliza, "Huyo unayemsema, umeshamwambia mwenyewe?" Nikasema nani atanisikiliza mimi. Ukasema njoo Jumapili baada ya misa ya pili. Nikaja kukukomoa, nikuoneshe kwamba vikao vyenu ni porojo za wazee. Nikakaa mpaka leo.

Sikuwahi kukuelewa jambo moja, nikakuuliza tukiwa tunakula kande kwako. Mwaka ule walipokata jina lako lisiende kupigiwa kura, wote tunajua kwa nini, kwa sababu ya mdomo. Na asubuhi yake ukaonekana unafagia ofisi ya tawi. Nikakuuliza, kwa nini usihame chama, Mzee? Wapo watakaokupokea kwa ngoma. Ukatafuna, ukatafuna. "Nikihama, nani atamwambia Otmar suruali yake imetoboka nyuma?" Nikacheka nikapaliwa. Wewe hukucheka.

Basi. Tulikuzika mahindi yakiwa yanakauka shambani. Matanga yakaisha, tawi likaitisha kikao, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nakutaipia wakasema Fausta akaimu ukatibu. Nikakaa kwenye kiti chako, Mzee. Na ajenda yenyewe haikuwa ya kujifunzia: nani apeperushe bendera yetu uchaguzi wa mtaa.

Otmar akaingia na jambo lake limeshaiva. Bosko aendelee. Bosko ni mwenyekiti wetu wa mtaa, ni mwenzetu, hana baya, kwa nini tugawanyike kwa kupiga kura wenyewe kwa wenyewe? Tumpitishe kwa kauli moja, tupige makofi, tukaandae kampeni. Na makofi yakaanza kweli.

Mama Gaudensia akasimama. Hakungoja hata mengineyo. Nakuandikia alivyosema, maana neno lake kila moja naliota:

"Makofi ya nini? Huyu Bosko hajaitisha mkutano wa wakazi tangu tupande mahindi ya mwaka juzi. Mwaka juzi! Anapita uchochoroni asikutane na watu. Mimi nitaenda kumwombea kura kwa mdomo gani? Na wewe Mwenyekiti unatuletea mtu ameshapikwa, sisi tumekuja hapa kunawa mikono tu. Nataka tupige kura ya siri, na nataka Bosko aje hapa aulizwe."

Kimya. Unajua kile kimya cha kwetu, watu wanaangalia vidole vya miguu. Bosko hakuwepo. Otmar akasema hoja imesikika, muda umetutupa mkono, kikao kimefungwa. Nani wa kufunika kalamu? Mimi kalamu nilikuwa nimeing'ang'ania kama usukani.

Watu walipotoka, akanisogelea. Hakunitisha, Mzee, ndiyo ubaya wake. Aliongea kama baba. "Mwanangu, haya ya leo ni ya ndani. Huo muhtasari nakala inakwenda kata, karatasi inatembea, mtu anaipiga picha, kesho wapinzani wanaisoma kwenye spika. Marehemu alikuwa mkaidi na alikuwa na umri wake. Wewe ndiyo unaanza. Andika kikao kilikwenda vizuri."

Nikarudi steshenari. Nikafungua kompyuta. Na mimi yule niliyeambiwa ukimpamba mtu umemnyang'anya, sikumpamba Mama Gaudensia. Nilimfuta. Niliandika: "Wajumbe walijadili kwa kina na kikao kilimalizika kwa amani na mshikamano." Yaani nilifurahia hata lile "kwa kina", nikaliona limekaa vizuri.

Kikao kilichofuata nikausoma. Otmar akauliza, kuna marekebisho? Mama Gaudensia hakuwepo, alikuwa na mgonjwa. Wengine wakaangalia vidole vya miguu. Ukathibitishwa, ukapigwa muhuri.

Sasa sikiliza mambo yalivyogeuka. Mama Gaudensia akaona hakuna kinachofanyika, Bosko haitwi, kura haitajwi. Siku moja yuko kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mama mmoja akamuuliza vipi chama chenu, akajibu vilevile alivyojibu kikaoni, na sauti yake unaijua, mashine inanguruma na bado walimsikia mpaka barabarani. Wiki haijaisha akaletewa barua. Utovu wa nidhamu. Kukisema chama vibaya mitaani bila kupitia vikao. Aje ajieleze, na kadi yake mkononi.

Bila kupitia vikao! Na nani aliitaipu ile barua? Mimi, Mzee. Nililetewa na Otmar kama kazi nyingine yoyote. Nilipofika kwenye "bila kupitia vikao" vidole viligoma. Nikamwambia, Mwenyekiti, lakini alisema kikaoni. Akasema, "Wapi? Nionyeshe ilipoandikwa." Hakusema kwa ukorofi. Nadhani alikuwa ameshauamini muhtasari wangu kuliko masikio yake.

Nilikwenda kwa Mama Gaudensia. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, kanga kiunoni, barua iko juu ya gunia imekandamizwa na gunzi isipeperuke. Nikamwamkia, akaitikia, akanisukumia kigoda na ungo. Tukapukuchua. Mimi nikisubiri anitukane, nimejiandaa kabisa, ningefurahi hata. Tumejaza debe zima ndipo akasema, haangalii upande wangu:

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, Mama."

"Uliandika nini?"

Nikainamia ungo. Akaendelea kupukuchua.

"Mimi nina miaka mingapi na chama hiki, mwanangu? Nilikuwa nasema kisimani, nasema kilabuni kwenye ulanzi, nasema popote. Yule mzee akaja akaniambia, Gaudensia, njoo usemee ndani, ndani ndiyo kunatengenezeka. Nikaja. Nikajifunza kunyoosha kidole kama mtoto wa shule. Sasa nimesemea ndani, na ndani mmeniambia sijasema." Akapuliza makapi. "Si afadhali nirudi kisimani?"

Mzee, nimepigwa na maisha, lakini sijawahi kupigwa vile. Nilitembea kurudi nyumbani nikapitiliza njia panda yangu mpaka karibu nitokee Mjimwema. Nikawa najibishana na wewe barabarani, watu wananiangalia. Nakuambia, Mzee, nikisema nitanyang'anywa kiti hiki hata miezi mitatu sijamaliza. Nakuambia, muhtasari umeshathibitishwa, una muhuri, nikisema ni uongo mimi mwenyewe ndiye mwenye kosa la nidhamu. Nakuambia, na Otmar ni mzee wa watu, nitamvua nguo mbele ya wageni wa kata. Wewe hukujibu hata moja. Kimya chako kilikuwa kama siku ile uliponirudishia karatasi kwa kidole kimoja.

Jumapili ikafika. Kutoka kata walikuja wawili, mwanaume na dada mmoja aliyevaa miwani, wanaandika kila kitu. Mama Gaudensia alivaa kitenge cha Pasaka. Kadi ameiweka kwenye kitambaa, ameifunga kama sadaka. Bosko naye alikuwepo, safari hii ameitwa kushuhudia, amekaa karibu na mlango.

Nikasoma ajenda. Kufungua. Muhtasari. Tukafika yatokanayo, na Otmar akawa anaruka kwenda kwenye shauri la Gaudensia. Sijui nilisimamaje. Nakumbuka kiti kilianguka.

Nikasema, "Mwenyekiti, kabla ya shauri, muhtasari wa kikao kile cha uteuzi una uongo. Niliuandika mimi."

Dada wa miwani akaacha kuandika. Otmar akasema, "Katibu, kaa." Sikukaa. Nikatoa karatasi niliyoandika kwa mkono, nikasoma maneno ya Mama Gaudensia yote, mwaka juzi, uchochoroni, mdomo gani, ameshapikwa, kunawa mikono, yote, sauti inanipaa kama ya mbuzi. Nilipofika kwenye "nataka Bosko aje hapa aulizwe", Bosko akainama akawa anafunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa makobazi, Mzee. Sijui alikuwa anafunga nini.

Yule mgeni wa kata akaniuliza taratibu, "Katibu, uliyasahau au uliyaacha?"

Mlango wa kutokea ulikuwa pale. Ningesema nilisahau, nani angebisha? Mgeni kazini, msiba mbichi. Nikasema, "Niliyaacha."

"Kwa nini?"

Hapo nikakwama. Maana nikisema kwa nini, namtaja mzee. Nikamwangalia Otmar, naye ananiangalia, na mimi nikafunga mdomo. Nilikuwa nimeamua kuubeba wangu tu. Nikahesabu moyoni, kiti kimekwenda, kadi imekwenda, basi, nitarudi kusuka.

Otmar akavua kofia. Unaijua ile kofia, haivui hata kwenye jua. Akasema, "Mwandikieni hapo kwamba nilimwambia mimi. Mtoto wa watu asibebe peke yake." Halafu akawageukia wale wa kata kama vile anagombana nao: "Niliogopa! Karatasi zinatembea siku hizi, hamjui? Niliona tukianza kurushiana maneno kipindi hiki cha uchaguzi tumekwisha. Nilitaka tuonekane kitu kimoja."

Mama Gaudensia kule mbele akasema bila kusimama, "Tungeonekana kitu kimoja, Otmar, kisichoongea."

Watu wakaangua kicheko. Na ndiyo hapo, Mzee, vidole vya miguu vikaachwa. Mmoja akasimama, mimi siku ile nilisikia. Mwingine, hata mimi. Mzee Rashidi kutoka Namtumbo, yule wa tumbaku aliyehamia kwetu, ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "naunga mkono", akasema, "Wallahi mimi siku ile nilipiga makofi nimekaa nayo aibu mpaka leo." Nikawa naandika kama mwendawazimu, kalamu inatoboa karatasi, na nilikuwa nalia, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kukueleza. Mzigo ulishuka, Mzee. Nilisikia kabisa mabega yakirudi mahali pake.

Barua ya Mama Gaudensia ilifutwa palepale, wageni wa kata wakasema hakuna shauri, mtu alisema ndani, ndani ndiyo hawakuandika. Mimi nikapewa onyo la mdomo. La mdomo! Nilitaka kuwakumbatia. Na akaulizwa nani tena? Bosko. Alisimama, amelowa jasho, akasema ukweli ambao sikuutegemea. Kwamba haitishi mkutano kwa sababu anaogopa kuzomewa habari ya jalala na bomba lililokatika, hana jibu, ameahidiwa na ofisi za juu naye anaona aibu kurudi na ahadi tupu. Mama Gaudensia akamwambia, "Sasa si ungekuja kutuambia hivyo hivyo, mwanangu? Tungekuzomea kidogo tukupe na uji."

Akaitisha mkutano. Alizomewa kweli, nilikuwepo, mtoto mmoja alipiga mluzi mpaka akakohoa. Lakini alisimama mpaka mwisho. Na wakazi wakajipanga kuzoa lile jalala kwa zamu huku tukisubiri gari. Bomba bado. Nisikudanganye, bomba bado.

Kisha tukapiga kura yetu ya ndani, ya siri, vikaratasi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, nilikitoboa mwenyewe kwa kisu cha moto. Walisimama Bosko na mwalimu mmoja kijana. Bosko akapita, kwa tofauti ya kura chache mno, akatoka pale amekuwa mdogo na mpole. Mama Gaudensia akaja kunong'ona sikioni kwangu, kunong'ona kwake kunavyojulikana, nyumba nzima ikasikia: "Nimempa yule mwalimu. Lakini kesho naanza kumwombea Bosko nyumba kwa nyumba. Sasa mdomo ninao."

Nimelifikiria neno hilo siku nyingi. Nilikuwa nadhani mtu anayekosoa ana mguu mmoja nje ya mlango. Kumbe yule mama hakuwa anatafuta mlango. Alikuwa anatafuta namna ya kwenda kwa majirani na kuwaangalia usoni. Waliopiga makofi siku ya kwanza, hakuna hata mmoja aliyekuwa na mpango wa kutembea nyumba kwa nyumba. Na wakati nilipomfuta, nilidhani nakilinda chama. Nilikuwa nakinyang'anya watu wake wa kutembea.

Sasa nimefika kwenye kinachonikalisha hapa kwenye kompyuta tangu asubuhi, wateja wa fotokopi nawafukuza.

Kikao cha juzi kilikuwa kizuri, kimechangamka, kila mtu anajifanya jasiri siku hizi. Wamenithibitisha ukatibu. Tukafika mengineyo, na Otmar mwenyewe akanyoosha kidole! Mwenyekiti! Nikadhani utani. Akasema, "Nina hoja juu ya marehemu."

Watu wakaguna, maana kwetu marehemu hasemwi. Akasema, "Nisemeni mpaka mchoke, lakini naye hakuwahi kusema nasinzia nikiwa sipo, alinisema nikiwepo, na sasa hayupo, kwa hiyo nadaiwa. Yule mzee alituandika sote. Mimi kaniandika kusinzia, kaniandika suruali, kaniandika kila kitu. Ya kwake hakuyaandika. Siku Gaudensia alipomwambia kwamba akisoma muhtasari anasoma kama anayehubiri mazishi, akina mama wanachelewa kwenda kupika na watoto wanalala njaa, hilo aliliandika? Katibu, katafute. Ukikuta nanunua soda kwa wote."

Mama Gaudensia akasema kweli, nilimwambia hivyo, tena akanuna wiki mbili.

Nikaenda kutafuta, Mzee. Nilienda nikiwa na hasira, nikajua nitamkomesha Otmar. Nimetoa kaunta buku zako zote kwenye lile sanduku, nikapanga sakafuni, nikapitia ukurasa kwa ukurasa, mwandiko wako umelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Nikakipata kikao chenyewe. Nikapata ulivyoandika. Wewe. Kwa mkono wako.

"Wajumbe walishauri muda uzingatiwe."

Walishauri!

Nilikaa chini pale sakafuni. Halafu nikacheka, nikacheka peke yangu mpaka mwenye steshenari akachungulia. Usikasirike. Nilikuwa nimebeba kwa miezi kwamba kwenye kiti kile nimekaa mtu wa kwanza kumfuta mwenzake. Nilikuwa naona kaunta buku zako kama kitu kitakatifu na mimi nimezichafua. Kumbe hata wewe siku moja kalamu ilikwepa. Nilikupenda zaidi, Mzee, nakuapia. Ulikuwa mtu, na uliuma midomo, na ulinuna wiki mbili, na wiki ya tatu ukarudi ukafupisha kusoma, Mama Gaudensia ananiambia ulifupisha kweli.

Lakini sasa muhtasari wa juzi uko mbele yangu, na hoja ya Otmar lazima iingie au isiingie. Nikiiandika alivyosema, neno hadi neno, nakala inakwenda kata, na jina lako litasomwa mbele ya watu na wajukuu zako wapo kwenye umoja wa vijana, na wewe huna kidole cha kunyoosha ujitetee. Nikiandika "Mwenyekiti alitoa kumbukumbu juu ya marehemu", wote watanielewa, hakuna atakayenilaumu, ni heshima tu kwa mzee wetu. Hata Otmar amenitumia ujumbe, ameandika: "Ile ya marehemu unaweza kuiacha mwanangu, nilikuwa nachangamsha." Hata soda amesema basi.

Nakuahidi vitu viwili, halafu nakuacha upumzike. Mama Gaudensia hatafutwa tena na mkono huu, wala mwingine yeyote atakayesemea ndani. Na siku watakayonisema mimi, maana wameshaanza, juzi mmoja amesema katibu anawakatiza wazee, nitajiandika kabla wino haujakauka. Hilo la kukatiza wazee nimeshaliweka, liko ukurasa wa pili, nimeliacha na ukali wake.

Lala salama, baba yangu. Kaburi lako tumelipalilia, majani yalikuwa yamepanda. Ila kabla sijakuaga kabisa: kikao kinakuja Jumapili, huu mstari wako bado ni mweupe, na kalamu ninayo mimi. Ungekuwa wewe umekaa hapa, unaandika juu yako mwenyewe, safari hii ungeandikaje?